Kupima Sonona ya Wazee: Uhakiki wa Istilahi

Istilahi hupimwa kwa mambo mengi. Huulizwa kama ni fupi, kama yatamkika bila taabu, kama yakubali viambishi, na kama haigongani na neno jingine lililokwisha kuzoeleka. Kipimo ambacho hatujakizungumza vya kutosha ni muda. Ziko kazi zinazolitaka neno lisimame mahali pake miaka ishirini au arobaini bila kutikisika, na mojawapo ni utafiti unaoifuatilia sonona katika maisha ya wazee. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno ambayo Kiswahili kinayatumia hivi sasa kuueleza utafiti huo, kwa kuwa baadhi yake yanapotosha hesabu. Na hesabu ikipotoka, yuko mzee ambaye hataonwa na tabibu.

Tuanze na lugha nyingine, ili isidhaniwe kwamba shida hii ni ya Kiswahili peke yake. Nchini Kanada, katika wilaya moja ya upande wa Atlantiki ambayo watafiti waliipa jina la kubuni la Stirling County, Alexander Leighton na wenzake walianza kuichunguza afya ya akili ya wenyeji katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Watu walihojiwa mwaka 1952, sampuli nyingine ikahojiwa mwaka 1970, na nyingine tena mwaka 1992. Mwaka 2000 Jane Murphy na wenzake walichapisha hesabu ya miaka hiyo arobaini. Kwa kipimo cha awali, kilichotegemea swali la unyonge wa moyo kama lilivyoulizwa mwaka 1952, wenye sonona walikuwa asilimia 5.3 katika sampuli mbili za mwanzo, kisha wakashuka hadi asilimia 2.9 mwaka 1992. Je, watu walikuwa wamepona? La. Maneno ya kila siku ya kuitaja hali hiyo ndiyo yaliyokuwa yamebadilika, na swali la zamani halikuwagusa tena wahojiwa. Kipimo cha pili, ambacho hakikulitegemea swali hilo, kilionyesha kwamba kiwango kwa jumla kilibaki pale pale. Karibu nusu ya wagonjwa walifichwa na neno lililochakaa.

Ikiwa hayo yalikipata Kiingereza, chenye kamusi za karne nyingi, tujiulize hali yetu sisi ambao kwa wakati mmoja tunayo maneno manne au matano yanayogombea kiti kimoja: huzuni, mfadhaiko, msongo wa mawazo, unyogovu na sonona. Mfasiri wa kijitabu cha afya huchagua moja, wa gazeti huchagua jingine, na mwalimu wa chuo cha uuguzi huyatumia yote katika saa moja ya somo.

Huzuni ndiyo iliyo rahisi kueleweka, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Huzuni ni hisia ya kila aliye hai. Ugonjwa tunaouzungumzia hutambuliwa kwa mkusanyiko wa dalili zinazodumu wiki mbili au zaidi: moyo kushuka, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakipendwa, pamoja na dalili nyingine kama vile kupotea kwa usingizi, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kujilaumu, kutoweza kukaza fikira na kutamani kufa. Yafaa izingatiwe neno “au” katika maelezo hayo. Mtu aweza kuwa mgonjwa bila kuona huzuni hata kidogo. Na jambo hilo si la nadharia tupu. Katika mji wa Baltimore, Marekani, watu waliohojiwa mara ya kwanza mwaka 1981 walifuatiliwa miaka 13. Mwaka 1997 Joseph Gallo na wenzake walieleza kwamba wale wenye umri wa miaka 50 na zaidi ambao hapo mwanzo walikuwa na dalili za sonona pasipo huzuni, walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzao ya kufa, ya kushindwa shughuli za kila siku, na ya kudhoofika akili. Mzee wa namna hiyo akiulizwa, “Una huzuni?”, atajibu kwa unyofu kwamba hana. Atakuwa amesema kweli, na atakuwa ameondolewa katika orodha. Hivyo, anayeuita ugonjwa huu “ugonjwa wa huzuni” amekwisha kuwafungia mlango wagonjwa wale ambao utafiti wa muda mrefu umeonyesha kuwa ni wa kuhofiwa.

Mfadhaiko watokana na kufadhaika, yaani kuchafukwa na kutaharuki, kama mtu aliyepata habari ya ghafula. Laweza kufaa kwa baadhi ya wagonjwa, lakini yule anayekaa barazani toka asubuhi mpaka magharibi bila kunena hakufadhaika. Msongo wa mawazo ni jina la mzigo, wala si jina la jeraha: mtu aweza kusongwa na mawazo ya karo na madeni akalala usingizi wake vizuri siku deni lilipolipwa. Tukiutumia kwa ugonjwa, tutakosa neno la kuutajia mzigo wenyewe, na mtafiti anayetaka kujua kama mzigo huzaa ugonjwa atajikuta anauliza kama msongo huleta msongo. Unyogovu umeenea sana, hasa katika maandishi ya Kenya, na hatuna nia ya kuwanyang’anya wanaoupenda. Twasema tu kwamba masikioni mwa wasemaji wengi umekaa karibu na ulegevu, na kumwita mgonjwa mlegevu ni kumwongezea lawama ambayo tayari anajitwika mwenyewe.

Imebaki sonona. Kitenzi chake, kusonona na kusononeka, kinataja maumivu ya ndani, nacho ni cha zamani katika lugha. Jina limechukuliwa humo bila kuongezewa kitu. Lina kasoro zake. Halina jina la mtendwa linalokubalika, maana msononi halijasikika kwa watu, na tunalazimika kusema mwenye sonona. Hata hivyo twaona kwamba lafaa kuliko mengine kwa sababu moja ya msingi: halina kazi nyingine. Istilahi iliyo na kazi moja huchakaa polepole. Basi katika ripoti, katika vitabu vya kufundishia na katika hati za serikali tunashauri litumike hilo, na makala haya yanalitumia.

Lakini si katika swali analoulizwa mzee. Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wafasiri wenzetu, wanaodhani kwamba neno likisanifiwa lafaa kila mahali. Istilahi ni chombo cha anayeandika hesabu. Anayehesabiwa ana maneno yake. Ukimwuliza bibi wa miaka 75, “Je, una sonona?”, ama atauliza ni kitu gani hicho, ama atakubali kwa adabu ili asikuaibishe.

Hojaji zinazotumiwa zaidi katika utafiti wa aina hii ni mbili, zote za Marekani. Moja ni ya Lenore Radloff, iliyochapishwa mwaka 1977, yenye maswali 20 kuhusu wiki iliyopita, na alama tangu 0 hadi 60. Anayefikia 16 huhesabiwa kuwa amevuka mpaka. Nyingine ilitungwa na Jerome Yesavage na wenzake mahsusi kwa wazee, ikachapishwa mwaka 1983 ikiwa na maswali 30 ya kujibiwa ndiyo au hapana, kisha mwaka 1986 ikafupishwa kuwa ya maswali 15. Watungaji hao wa pili waliacha kwa makusudi maswali ya mwili, kama usingizi na maumivu, kwa kuwa mzee aweza kukosa usingizi kwa sababu ya magoti yake tu. Ni uamuzi wa busara, lakini unamtwika mfasiri mzigo wote wa maneno ya moyoni, ambayo ndiyo magumu kuliko yote.

Katika hojaji zote mbili limo swali lililojengwa juu ya rangi ya buluu, ambayo kwa Waingereza na Wamarekani ni rangi ya majonzi. Hatudhani kwamba yuko mfasiri atakayeandika “nilijiona buluu”. Makosa ya namna hiyo hujifichua yenyewe. Ya kuogopwa ni makosa yasiyoonekana, na mfano wake mkubwa ni kukanusha. Mswahili akiulizwa, “Hujala?”, naye kweli hajala, aghalabu hujibu, “Ndiyo, sijala.” Amekubali usemi wa mwulizaji. Mwingine, aliyezoea mtindo wa shuleni, hujibu, “Hapana, sijala.” Wawili hao wana njaa moja, lakini karani ametia alama katika visanduku viwili. Sasa mfasiri akiligeuza swali la kukosa furaha kuwa “Je, huna furaha siku nyingi?”, jibu la “ndiyo” halitajulikana ni la nani. Ikumbukwe pia kwamba katika ile hojaji ya maswali 15, matano huhesabiwa kuwa dalili mzee akijibu hapana, na kumi akijibu ndiyo. Mpangilio huo hauvumilii hata swali moja la kukanusha. Kanuni yetu iwe ni kuuliza kwa kukubali tu, hata kama sentensi itarefuka.

Jambo la pili lisiloonekana ni adabu ya salamu. Tumefundishwa tangu utoto kwamba swali la hali hujibiwa kwa wema kwanza, habari zikafuata baadaye. Hata aliyefiwa jana, akiulizwa “Hujambo?”, hujibu “Sijambo.” Hojaji ya wazee huanza kwa kuuliza kama mtu ameridhika na maisha yake. Likitafsiriwa neno kwa neno, litasikika kama salamu, na litajibiwa “Tunamshukuru Mungu,” jibu ambalo si ndiyo wala si hapana. Swali la kukata tamaa lina ugumu wa aina yake: kwa Mwislamu na kwa Mkristo pia, kukata tamaa ni kutilia shaka rehema ya Mungu, na mzee mcha Mungu atakataa hata kama usiku hafumbi macho. Aliyeulizwa habari za dhambi hakuulizwa habari za moyo. Yafaa swali hilo litafutiwe njia nyingine, kwa mfano kuuliza kama kuna jambo analolitazamia kwa furaha katika siku zijazo. Nalo lijaribiwe kwa wazee wenyewe kabla ya kuchapishwa.

Tunasisitiza wazee wenyewe. Kazi nzuri imefanyika kwetu ya kuzihakiki orodha za dalili katika Kiswahili; mwaka 2002, kwa mfano, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uhakiki wa orodha ya Hopkins kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI nchini Tanzania. Lakini neno lililojaribiwa kwa mama wa miaka 25 wa mjini halijajaribiwa kwa babu wa miaka 80 wa Pemba au wa Rufiji. Lugha ya babu ni ile ile, ila maneno ya moyo hayalingani umri.

Na mzee mwenyewe ni nani? Mkurugenzi wa miaka arobaini huitwa mzee na dereva wake. Hilo ni jina la heshima, halihesabu miaka. Kwa upande mwingine, baadhi ya wafasiri, wakiona haya kumwita mtu mzee, huandika “watu wazima”. Katika mazungumzo ni uungwana. Katika ripoti ni maafa, maana kichwa cha habari kisemacho “Sonona kwa watu wazima” chaweza kumhusu mtu wa miaka 20. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilitumia miaka 60. Uchunguzi wa Uholanzi tutakaoutaja hapa chini ulianza na miaka 55. Andika wazee, kisha andika umri kwa tarakimu.

Uchunguzi huo wa Uholanzi, ujulikanao kwa kifupi chake LASA, ulianza mwaka 1992 kwa watu 3,107 wenye umri wa miaka 55 hadi 85, wakawa wanatembelewa takriban kila baada ya miaka mitatu, na makundi mapya yakaongezwa mwaka 2002 na mwaka 2012. Twautaja kwa sababu unaonyesha upungufu wa usemi wetu “utafiti wa muda mrefu”. Usemi huo hauelezi kitu. Utafiti uliokwama mezani miaka tisa nao ni wa muda mrefu. Hata ule wa Stirling County, kwa hesabu tulizozitaja, ulilinganisha sampuli tatu za watu tofauti, ilhali wa LASA huwarudia watu wale wale. Tofauti hiyo ni kubwa: wa kwanza hueleza jamii imekuwaje, wa pili hueleza Bwana Fulani amekuwaje. Kwa huu wa pili tunapendekeza utafiti fuatilizi, na kwa ule wa kwanza utafiti wa marudio. Hayo si maneno mazuri sana, lakini yanatenganisha.

Faida ya kutenganisha yaonekana katika matokeo. Mwaka 1995 Aartjan Beekman na wenzake walihesabu mara moja tu, wakapata kwamba asilimia 2.02 ya wazee wa LASA walikuwa na sonona iliyotimiza vigezo vyote vya ugonjwa, na asilimia 12.9 walikuwa wamevuka ile alama ya 16 bila kutimiza vigezo. Kundi hili la pili huitwa kwa tafsiri ya haraka “sonona ndogo”. Kisha walichukuliwa watu 277 wenye dalili, wakachunguzwa hadi mara 14 katika muda wa miaka sita, na matokeo yakatolewa mwaka 2002: asilimia 23 walipata nafuu ya kweli, asilimia 44 walipanda na kushuka bila kutengemaa, na asilimia 32 walibaki katika hali mbaya ya kudumu. Nani atakayelisoma neno “ndogo” akategemea hayo? Msomaji wa wizarani, mwenye fedha kidogo na maombi mengi, atalipita. Tunashauri sonona isiyotimiza vigezo, lirefu lakini halidanganyi.

Kuhusu ile asilimia 32, mazoea yatamvuta mfasiri kuandika “sonona sugu”. Hatuafiki. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, na katika tiba ya leo usugu umekwisha kupewa kazi: ni tabia ya vimelea kuishinda dawa. Atakayesoma “sonona sugu” atafahamu kwamba dawa zimejaribiwa zikashindwa, hali utafiti ule uliangalia mwendo wa maradhi tu. Tuseme sonona ya kudumu. Kadhalika tutofautishe nafuu na kupona. Mgonjwa aliyepata nafuu bado anafuatiliwa, aliyepona hutolewa katika daftari. Na kwa kuwa taarifa za UKIMWI zimetuzoeza kusema “kiwango cha maambukizi”, tujihadhari tusiandike hivyo kuhusu sonona, ambayo haiambukizi.

Limebaki suala la kihoro, ambalo twakiri halijatulia hata miongoni mwa matabibu. Wazee ndio wafiwa wakubwa: huzika wenzi, ndugu na marafiki. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1994 ulizuia kwa kawaida aliyefiwa asihesabiwe mwenye sonona kabla ya miezi miwili kupita. Toleo la mwaka 2013 likakiondoa kizuizi hicho. Baadaye msiba usiokwisha ukapewa jina lake wenyewe: uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 wataka miezi sita angalau, na Wamarekani, mwaka huo huo, wakataka miezi kumi na miwili kwa watu wazima. Mtafiti fuatilizi aliyeanza mwaka 1992 amevuka mipaka hiyo yote akiwa na wajane wale wale.

Sisi tunayo mipaka yetu. Iko siku ya arobaini, na kwa mjane Mwislamu iko eda ya miezi minne na siku kumi, ambayo humtaka akae nyumbani, asijipambe, wala asitoke ila kwa haja. Sasa hojaji ya wazee inauliza kama mtu anaona afadhali kukaa nyumbani kuliko kutoka, na kama ameacha shughuli zake nyingi. Mjane aliye edani atajibu ndiyo kwa yote mawili, na atapewa alama mbili za ugonjwa kwa kutimiza ada. Hojaji ya Kiswahili yapaswa kuuliza tarehe ya msiba kabla ya maswali hayo, na jibu liandikwe kando yake.

Kwa msiba uliopita mipaka hiyo na bado unamtafuna mtu, limependekezwa kwetu “kihoro kirefu”. Kihoro lina nguvu inayotakiwa, maana husemwa kwamba mtu amekufa kwa kihoro. Lakini wasemaji wengine hulitumia kwa mshtuko wa saa za mwanzo tu, na kwao kihoro hakiwezi kuwa kirefu. “Jitimai” ni zito pia, ila linazidi kusahaulika nje ya mashairi. Twawaomba wasomaji, hasa walimu na wauguzi walio karibu na wazee, watuandikie ni neno gani husikika kwao, katika wilaya gani, na kutoka kinywani mwa mtu wa umri gani.